Gari limezima wiki ya tatu: nani hasa alikuuzia?

Chini ya risiti za yadi nyingi za magari, Dar es Salaam hata Mombasa, kuna mstari uliopigwa chapa kwa herufi ndogo: mali ikishauzwa hairudishwi. Wanunuzi wanauogopa mstari huo kuliko unavyostahili. Muuza viatu anauandika, muuza friji anauandika, na muuza Toyota Noah naye anauandika, kisha mnunuzi anaondoka akiamini kwamba gia boksi ikigoma Chalinze, shauri lake.

Sivyo. Mnunuzi wa gari lililotumika ana haki nyingi kuliko anavyoambiwa yadini, na baadhi yake ziko vitabuni tangu enzi ya mkoloni. Kinachomwangusha, kwa ninavyoona, ni jambo dogo zaidi: siku anayotaka kudai haki hiyo hajui amdai nani.

Tuchukulie mwalimu wa sekondari wa Morogoro. Amekopa Saccos, amekuja Dar na shemeji yake anayejua magari kidogo, amelipa Sh14 milioni kwa Toyota IST yenye rangi inayong'aa. Wiki ya tatu gari linaanza kula maji, kisha linachemsha. Fundi anafungua na kukuta silinda hedi imepinda, na inaonekana wazi kwamba iliwahi kufunguliwa ikarudishiwa gasketi ya kubahatisha. Anapiga simu yadi. Anajibiwa kwa upole: "Mwalimu, hilo gari sisi tulikuwa tunamuuzia mtu." Anampigia dalali: "Mimi nilikuunganisha tu, kaka." Jina lililoko kwenye kadi ni la mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Fedha alimkabidhi nani? Kijana wa yadi, mkononi, mbele ya shemeji. Na mkataba? Upo, ila umeandikwa Sh8 milioni, kwa sababu waliambiana kwamba bei ndogo inapunguza kodi.

Sheria itaanzia wapi hapo?

Safari ya gari yenyewe ndiyo inayozaa utata huu. Japani, gari jipya likitimiza miaka mitatu hulazimika kupita kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo bili ya matengenezo inavyopanda, hivyo wengi huona heri kuuza. Gari huingia mnadani, hununuliwa na kampuni ya kusafirisha nje, hupandishwa meli, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, wakala wa forodha humtolea mwagizaji, ndipo likafika yadi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, liliripoti mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko eneo jingine lolote. Kila mkono uliolipitisha gari uliongeza bei. Sijaona ulioongeza dhamana.

Hata yadi si za namna moja. Iko yadi inayoagiza magari yake, yenye leseni, mashine ya risiti na akaunti ya benki. Iko inayokodisha nafasi: mtu analeta gari lake, anataja bei anayoitaka, na yadi inaweka cha juu. Halafu kuna madalali wanaozunguka wakiwa na picha kwenye simu, gari lenyewe liko kwa mwenyewe Kimara au Tegeta. Mnunuzi anayaona yote matatu kuwa kitu kimoja, yaani "yadi". Hakimu hayaoni hivyo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, zote mbili zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake mna ahadi ambazo muuzaji anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama hakufungua mdomo. Kwanza, kwamba mali ni yake au ana idhini ya kuiuza. Pili, bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ifanane na maelezo. Tatu, pale mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Nne, bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Ahadi hizi mbili za mwisho ndizo zenye meno kwa mwenye gari bovu, na zote mbili zinamlenga mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Jirani yako aliyekuuzia Vitz yake kwa sababu anahamia Mwanza hayumo. Mwenye yadi yumo.

Tofauti hiyo ilipimwa vizuri kwenye kesi mbili za Uingereza ambazo wanasheria wa Afrika Mashariki wamezisoma chuoni. Mwaka 1957, mtu wa kawaida aitwaye Williams alishitakiwa na kampuni ya magari ya Oscar Chess. Aliwapa Morris yake kama sehemu ya malipo ya gari jingine, akawaambia ni ya mwaka 1948, maana kitabu cha usajili ndivyo kilivyosema. Wakampa £290. Baadaye ikagundulika kuwa ni ya 1939 na kitabu kilikuwa kimechezewa zamani na mtu mwingine. Williams alishinda. Yeye hakuwa na ujuzi wowote wa pekee, alirudia tu kilichoandikwa, na wataalamu walikuwa upande wa pili wa meza.

Mwaka 1965 meza ikageuka. Mfanyabiashara wa magari, Harold Smith, alimwambia mteja kwamba Bentley anayomuuzia ilibadilishwa injini na gia boksi na tangu hapo imetembea maili 20,000 tu. Ukweli ulikuwa karibu maili 100,000. Mahakama ya Rufani ilisema maneno yale yalikuwa sehemu ya mkataba, akalipa. Jaji alikuwa yuleyule wa kesi ya Morris, Lord Denning, na hoja yake ilikuwa ileile: anayefanya biashara ya magari ana njia ya kujua historia ya gari, kwa hiyo akisema neno, neno lake lina uzito.

Kwa hiyo yule kijana wa yadi anapokuambia "hili halijawahi kuguswa injini, bosi," hapo hapigi porojo za kibiashara. Anaweka sharti la mkataba. Shida ni kulithibitisha, na ndiyo maana napendekeza mazungumzo ya bei yafanyike, angalau sehemu, kwa ujumbe wa WhatsApp. Uliza kwa maandishi: "Je, gari limewahi kupata ajali? Injini imewahi kufunguliwa? Kilomita ni halisi?" Majibu yake yahifadhi. Akikataa kuandika anachokisema kwa mdomo, umeshajibiwa.

Na huyu anayesema alikuwa "anamuuzia mtu"? Hapa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo asili yake ni India, ina kifungu ambacho kingefaa kubandikwa kwenye geti la kila yadi. Wakala akifanya biashara bila kumtaja anayemwakilisha, huchukuliwa kuwa amejifunga yeye mwenyewe, mpaka athibitishe vinginevyo. Yadi iliyopokea fedha zako bila kukutajia jina la mwenye gari haiwezi kuruka kirahisi baada ya wiki tatu. Ikikutajia jina hilo mapema na kuliandika kwenye mkataba, mambo yanabadilika, na unayemdai atakuwa huyo mtajwa. Ndiyo maana swali la kwanza yadini ningelitaka liwe juu ya mwenye gari, kabla hata ya kufungua boneti: ni gari la nani, kitambulisho chake kiko wapi, na kama si lake, idhini ya kuuza iko wapi?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawapendi kulisikia. Gari la mtumba linachakaa, na uchakavu si kasoro. Bushi za mbele kugonga barabara ya vumbi mwezi wa pili, betri kufa, shokapu kuvuja kwenye gari la miaka 12: hayo ni matarajio, na bei ilishayahesabu. Denning huyohuyo, katika kesi ya Bartlett ya mwaka 1965, alimnyima fidia mnunuzi wa Jaguar iliyotumika. Muuzaji alikuwa amemwambia krachi ina tatizo na kumpa hiari: atengenezewe, au apunguziwe bei kidogo akatengeneze mwenyewe. Akachagua kupunguziwa. Ilipotokea kwamba krachi ilikuwa mbaya kuliko walivyodhani, alikuwa amechelewa. Gari lilikuwa salama, linatembea, na alijua analonunua.

Miaka kumi baadaye ikaja Jaguar nyingine, kesi ya Crowther. Gari la miaka 8, limetembea zaidi ya maili 82,000, limeuzwa £390. Muuzaji alilisifia injini yake kana kwamba ndiyo kwanza inaanza maisha. Wiki tatu baadaye, baada ya maili 2,300 na ushee, injini ilijifunga. Mmiliki wa zamani alifika mahakamani akasema injini ilikuwa imekwisha tangu alipoliuza. Safari hii mnunuzi alishinda. Umri wa gari na bei yake ndogo havikumwokoa muuzaji, kwa sababu injini iliyokufa wiki ya tatu haikuwa nzima siku ya kuuzwa.

Maamuzi hayo ya Uingereza hayamfungi hakimu wa Kisutu wala wa Milimani, lakini humshawishi, maana maneno ya sheria ni yaleyale. Na yanatupa kipimo kinachoeleweka: ubovu ulikuwapo siku ya kukabidhiana, au umezaliwa mikononi mwako? Silinda hedi ya mwalimu wetu, yenye gasketi ya kubahatisha, inajibu swali hilo yenyewe. Fundi aliyeifungua ndiye shahidi wake mkuu, mradi hajaitupa gasketi ya zamani kwenye pipa la gereji.

Wenye yadi nao wana lao, na si yote visingizio. Wapo wanunuzi wanaonunua gari lenye gia ya CVT na kumwachia fundi wa mtaani aweke oili ya gia ya kawaida, gia ikifa wanarudi na kelele. Wapo wanaonunua gari la injini ya D-4 wakiwa wameonywa na kila fundi mjini, kisha wanalilisha mafuta machafu ya kwenye madumu. Kuna waliolipandisha Lushoto na mzigo wa viazi. Muuzaji mwaminifu anastahili ulinzi dhidi ya watu hao, na ulinzi wake ni uleule wa mnunuzi: hali ya gari iandikwe siku ya kukabidhiana, kasoro kwa kasoro, pande zote mbili zisaini. Aliyeandikiwa kwamba kompresa ya kiyoyozi haifanyi kazi hatarudi kulalamikia kiyoyozi.

Kuhusu ukaguzi, sheria ya zamani ina mtego. Ahadi ya ubora wa kuuzika haihusu kasoro ambazo ukaguzi ulioufanya ulipaswa kuzifichua. Mnunuzi aliyelizunguka gari, akalala chini, akalijaribu barabarani, hawezi kudai baadaye kwamba hakuona bonde kwenye mlango. Watu husikia hivyo wakadhani afadhali wasikague. Huo ni ujinga wa kujitakia. Mpeleke fundi wako, tena fundi ambaye hakuletwa na dalali, na mwambie aandike alichokiona na alichoshindwa kukiona. Nairobi, Chama cha Magari cha Kenya, AA, hukagua magari kwa malipo na kutoa ripoti. Aliyeshindwa kuona hedi iliyopinda bila kufungua injini hajapoteza chochote, kwa kuwa hiyo si kasoro ya kuonekana kwa macho.

Na hao wanaoandika kwamba gari linauzwa "kama lilivyo"? Sheria ya zamani inaruhusu pande mbili kukubaliana waziwazi kuziondoa zile ahadi za kimya. Kenya imeufunga mlango huo kwa mlaji: Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora unaoridhisha, na neno lolote la mkataba linalojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya taarifa, na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Afrika Kusini imekwenda mbali kuliko wote barani. Chini ya sheria yake ya walaji, iliyoanza kutumika 2011, mnunuzi wa gari bovu ana miezi sita ya kulirudisha kwa mfanyabiashara na kuchagua mwenyewe: litengenezwe, libadilishwe, au arudishiwe fedha. Muuzaji hujiokoa tu kwa kasoro aliyoitaja bayana na mnunuzi akaikubali bayana.

Tanzania inategemea zaidi Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza mfanyabiashara kupotosha, na imetaja waziwazi taarifa za uongo kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake na matumizi yake ya awali. Historia na matumizi ya awali: sioni kosa lililo karibu zaidi na maneno hayo kuliko kurudisha kilomita nyuma.

Na kilomita zinarudishwa. Dashibodi za kisasa hazihitaji hata bisibisi. Kompyuta ndogo na waya unaochomekwa chini ya usukani vinatosha. Ndiyo maana kusoma namba ya dashibodi peke yake ni kujidanganya. Gari la Japani huja na cheti cha kuliondoa kwenye usajili ili liuzwe nje, na humo mara nyingi huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa shaken. Cheti kinatumia miaka ya Kijapani, hivyo Heisei 25 ni 2013, na Reiwa 1 ni 2019. Linganisha mwezi wa usajili wa kwanza na mwaka ulioambiwa. Kwa Kenya jambo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, na miaka hiyo huhesabiwa tangu usajili wa kwanza.

Kuna pia karatasi ya mnada. Kila gari linalopita kwenye minada mikubwa ya Japani hukaguliwa na kupewa daraja, 4.5, 4, 3.5 kwenda chini, na mchoro wa bodi wenye alama za mikwaruzo na mabonde. Herufi R au RA mahali pa daraja ina maana kwamba gari liliwahi kugongwa na kiunzi chake kikatengenezwa. Mwagizaji hupewa karatasi hiyo. Mnunuzi wa yadi ni nadra kuiona, na akiiomba huambiwa ilipotea. Gari limevuka bahari na cheti chake, ufunguo wa akiba na hata kitabu cha redio cha Kijapani, ikapotea karatasi moja tu, ile yenye daraja! Aombe tena. Kisha afungue mlango wa dereva na kutazama ubavuni kwa stika za kumwaga oili, ambazo magereji ya Japani hubandika zikiwa na tarehe na kilomita. Stika inayosema 118,000 kwenye gari lenye dashibodi ya 74,000 ni ushahidi. Ipige picha kabla hujataja bei.

Mbinu nyingine za yadini mafundi wanazijua: oili nzito ya kuzima moshi kwa siku chache, taa ya injini iliyofutwa asubuhi ya siku ya majaribio, gesi ya kiyoyozi iliyojazwa juu ya bomba linalovuja. Iliyo mbaya kuliko zote ni taa ya mifuko ya hewa iliyounganishwa na taa nyingine ili iwake na kuzimika nayo, huku ndani ya usukani hamna mfuko. Hiyo haiondoi thamani ya gari tu. Inaondoa uhai wa mtu.

Kwenye mifuko ya hewa ndiko wajibu wa muuzaji umeachwa wazi kabisa. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazia hewa vinavyotumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevu huharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikirusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mamilioni kwa mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, Toyota na Honda zikiwamo, yaliitwa kurudi gereji duniani kote, na Takata ikaomba kufilisika Juni 2017. Joto na unyevu: hiyo ni Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa mwaka mzima. Gari lililouzwa nje kabla ya kubadilishwa kijazia limekuja nacho. Barua ya kuitwa inakwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani, mtu aliyeliuza zamani. Mwenye gari Temeke hatapata barua.

Tovuti za watengenezaji zina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari liliitwa na kama lilifanyiwa marekebisho. Ni kazi ya dakika chache. Mfanyabiashara anayeuza magari kila wiki kwa umma angepaswa kulazimishwa kuifanya kwa kila gari na kumkabidhi mnunuzi jibu lililochapwa. Sioni hoja ya maana ya kupinga hilo, na sitaki kusikia kwamba itapandisha bei.

Turudi kwa mwalimu, kwa maana wiki yake ya tatu bado haijaisha na anachokifanya sasa ndicho kitakachoamua. Asitengeneze gari kwanza ndipo alalamike. Aache kuliendesha, aandike barua au ujumbe kwa yadi na kwa jina lililo kwenye kadi, akieleza kasoro, tarehe na anachotaka, awape muda na kuwaalika walete fundi wao walione. Haraka ina maana, kwa sababu sheria inamhesabu mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kuikataa kuwa ameikubali. Mwaka 1987 Mwingereza Bernstein alinunua Nissan mpya kabisa, ikafa baada ya wiki tatu na maili 140. Mahakama ilikiri kwamba gari lilikuwa na kasoro, lakini ikasema amechelewa kulirudisha, akaambulia fidia. Uingereza baadaye ilibadilisha sheria, na tangu 2015 mlaji ana siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Sisi tumebaki na "muda wa kutosha", na muda huo kila hakimu ataupima kwa macho yake.

Yadi ikikaa kimya, mlango wa mahakama hauko mbali wala si wa matajiri. Mahakama ya Mwanzo Tanzania husikiliza kwa Kiswahili madai ya mkataba yasiyozidi Sh30 milioni, na IST ya mwalimu imo humo. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha Sh1 milioni za huko na sharti la kumaliza shauri ndani ya siku 60. FCC na mwenzake wa Kenya, Mamlaka ya Ushindani, hupokea malalamiko ya udanganyifu. Lakini mwalimu atakuwa na kazi ngumu kumweleza hakimu kwa nini mkataba unasema Sh8 milioni na yeye anadai 14. Waliyoiita akili ya kukwepa kodi imemla Sh6 milioni.

Marekani walilikabili tatizo hili kwa karatasi. Tangu 1985, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamtaka kila mfanyabiashara wa magari yaliyotumika abandike kwenye kioo cha gari waraka unaosema kama gari lina dhamana au halina, na kama inayo, ni sehemu gani za gari na asilimia ngapi ya gharama atakazobeba muuzaji. Waraka humshauri mnunuzi aombe fundi wake alikague, na unakuwa sehemu ya mkataba, ukiyashinda maneno mengine yanayopingana nao. Kuna kifungu kimoja nakionea wivu: mauzo yakifanyika kwa Kihispania, waraka uwe wa Kihispania. Kwetu watu wanapatana kwa Kiswahili kuanzia salamu hadi chai, kisha wanatia saini mkataba wa Kiingereza ulionakiliwa mahali, wenye maneno ambayo hata aliyeuchapa hawezi kuyaeleza.

Waraka wa Kiswahili wa ukurasa mmoja ungetosha: jina na namba ya kitambulisho cha mwenye gari, namba ya chesisi, kilomita za kwenye cheti cha Japani, daraja la mnada, jibu la mifuko ya hewa, kasoro zinazojulikana, na muuzaji atabeba nini na kwa siku ngapi. Wakati serikali ikifikiria, mnunuzi anaweza kuuandika mwenyewe kwa mkono, akaenda nao yadini Jumamosi na kalamu, na kumwomba mwenye yadi aujaze kabla fedha hazijatoka mfukoni.